Joto la kontena anasoma nani?



Leo nataka tuongelee joto. Najua, mtu wa Mbeya kuongelea joto ni kama mtu wa Tanga kuongelea theluji. Hapa Mwanjelwa mwezi wa saba watu wanavaa makoti mawili mawili ya mitumba na muuza kahawa ndiye tajiri wa asubuhi. Lakini baridi hiyo ndiyo inayotudanganya. Tunadhani kila kitu kinachoondoka hapa kinakwenda kwenye hali ya hewa kama ya kwetu, na kila kilichofika hapa kimetoka kwenye hali kama hiyo. Sivyo kabisa.

Tuanze na mvinyo, maana najua wengi wenu mwisho wa mwezi mnauangalia ule wa Afrika Kusini pale rafuni, chupa ndefu yenye picha ya milima, na mnajiuliza kama mshahara utaruhusu. Hamjiulizi chupa ile ilifikaje. Kama imekuja kwa barabara, basi imetoka Rasi, imevuka Afrika Kusini yote hadi mpaka wa Beitbridge, ikashuka bonde la Zambezi pale Chirundu ambako mwezi wa kumi joto hupita nyuzi 40, ikapanda Zambia hadi Nakonde, ndipo ikaingia Tunduma. Mnaijua Tunduma. Foleni ya malori mnaijua pia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 na mambo yakawa nafuu, lakini bado lori linaweza kusimama juani wakati karatasi zinatembea kutoka meza hii hadi ile. Na kama imekuja kwa meli, imepita Dar es Salaam, ambako kontena la bati lisilo na ubaridi likisimama bandarini mwezi wa pili, juu kabisa chini ya paa lake joto linaweza kupita nyuzi 50. Hapo mvinyo haupo kwenye stoo tena. Upo kwenye oveni.

Mvinyo hupenda joto la nyuzi kama 12 hadi 16, na zaidi ya hapo hupenda joto lisilopanda na kushuka. Ukipashwa, kimiminika kinatanuka na kusukuma kizibo. Ukipoa, kinanywea na kuvuta hewa ndani. Kisha usiku tena, mchana tena. Kanuni ya jumla ya kemia inasema ukiongeza nyuzi 10, mambo yanayobadilika ndani ya chupa yanaongeza kasi karibu mara mbili, kwa hiyo wiki chache za njiani zinaweza kuuzeesha mvinyo kwa miezi mingi. Wajuzi wanasema umepikwa: ladha ya tunda bichi inakwisha, inabaki ya jamu. Ukiona kizibo kimechomoza kidogo juu ya mdomo wa chupa, au lebo ina michirizi ya kilichovuja, chupa hiyo imepata misukosuko. Tatizo ni kwamba mara nyingi huoni chochote. Unafungua, unaonja, unasema "aah, kumbe mvinyo wenyewe ndio huu", na mtengenezaji kule Stellenbosch anabeba lawama ya dereva aliyekwama Tunduma.

Kuna kichekesho kidogo cha historia hapa. Wareno kwenye kisiwa cha Madeira waligundua zamani, enzi za meli za matanga, kwamba mapipa yao yaliyovuka maeneo ya joto na kurudi nyumbani bila kuuzwa yalikuwa na ladha nzuri kuliko yale yaliyobaki kisiwani. Wakaanza kupakia mvinyo melini makusudi, uende ukazunguke tu. Baadaye wakaona gharama ya nini, wakajenga vyumba vya kuupasha moto hapo hapo, nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi mitatu. Kwa hiyo duniani upo mvinyo mmoja ambao bonde la Zambezi lisingeuharibu. Ile chupa yako ya rafuni siyo huo.

Kwa sababu hiyo wenye mvinyo ghali wameacha kuamini maneno. Kasha la Bordeaux linaposafiri siku hizi linaweza kuwekewa kidude kidogo kinachorekodi joto kila baada ya muda fulani tangu lilipotoka kwenye ghala la mtengenezaji. Kuna kampuni, eProvenance, inayofanya kazi ya namna hiyo tu. Mnunuzi wa Hong Kong halipii mvinyo peke yake, analipia pia ushahidi kwamba haukupikwa njiani. Kidude hicho nitakiita kinasajoto, maana kinafanya kwa joto kile ambacho kinasa sauti hufanya kwa maneno ya mwanasiasa. Baadaye hawezi kukana.

Sasa basi, mvinyo ulikuwa mlango tu wa kuingilia. Mimi siandiki haya kwa sababu ya wanywaji. Naandika kwa sababu ya parachichi.

Kwa miaka kama 15 hivi iliyopita, Rungwe, Njombe na Mufindi zimegeuka. Mashamba ambayo baba zetu waliyajua kwa mahindi, chai na pareto sasa yana miti ya Hass, ile parachichi yenye ganda lenye vipele linalogeuka jeusi likiiva. (Jina limetoka kwa tarishi wa posta wa California, Rudolph Hass, aliyeipatia hataza mwaka 1935. Mtu wa kugawa barua! Wenye shahada za kilimo msikasirike.) Kila mtu ana mjomba aliyepanda. Walimu wamepanda, askari wamepanda, na hata nyinyi mnaosoma hapa mkiwa ofisini Dar mnatuma pesa nyumbani zikapandwe. Mwaka 2022 masoko ya India na China yalifunguliwa rasmi kwa parachichi zetu, viongozi wakapiga picha, tukashangilia. Nami nilishangilia.

Ila parachichi ni kitu kigumu kukisafirisha kuliko mvinyo. Mvinyo ukipata joto unaharibika taratibu, lakini parachichi ni kitu hai. Haliivi mtini. Linaanza safari ya kuiva pale linapochumwa, na kuanzia hapo linapumua, linatoa joto lake lenyewe na linatoa gesi ya ethilini inayowaambia wenzake boksini nao waive. Ukilipoza hadi nyuzi 5 au 6 linalala. Ukizidisha baridi linaungua kwa baridi, nyama inakuwa na weusi na ganda linapata madoa. Ukiliacha lipate joto siku mbili tatu linaamka, na likishaamka hulibembelezi tena likalala. Linafika Rotterdam laini, na tunda laini kule halina bei. Safari ya meli kwenda Ulaya ni wiki tatu hadi nne mambo yakienda vizuri. Na mambo hayaendi vizuri siku zote: mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi ziliacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wiki moja na nusu au mbili zaidi. Parachichi halijui siasa za Yemen. Linahesabu siku tu.

Hebu tulifuate boksi moja. Linachumwa Tukuyu asubuhi, kuna umande, raha tupu. Linakaa kwenye kreti kando ya barabara likisubiri gari. Gari linachelewa. Jua linatoka. Linafika kwenye kiwanda cha kufungashia, linachambuliwa, linaingizwa kwenye katoni ya kilo 4, kisha kwenye chumba cha ubaridi. Hapa ndipo wengi hawaelewi: kontena la ubaridi si friji ya kupozea, ni friji ya kutunza. Mashine yake imeundwa kushikilia ubaridi wa kitu ambacho tayari ni cha baridi. Ukipakia tani 20 na ushee za tunda lenye nyuzi 22 ukategemea kontena lilipoze njiani, litahangaika siku nyingi, na siku zote hizo tunda linaiva. Tena hewa ya baridi hutokea chini, kwenye mifereji ya sakafu, ikapanda kupitia katikati ya maboksi na kurudi juu. Ukipanga maboksi vibaya ukaziba njia, upande mmoja unaganda na mwingine unachemka.

Halafu barabara. Zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar: Makambako, Mafinga, unashuka Kitonga, na ukifika Ruaha Mbuyuni unavua koti maana umetoka nyanda za juu umeingia nchi nyingine. Mikumi, Morogoro, Chalinze. Muda wote huo kontena linaishi kwa jenereta lililofungwa kwenye lori. Jenereta likizima, likiishiwa mafuta, au mtu akilizima ili auze hayo mafuta (tusidanganyane, barabara tunaijua), hakuna anayepiga kelele. Kontena halilii.

Nikae kidogo kwenye mashine zenyewe, maana kuna mtu anastahili kutajwa. Ukisimama Uyole ukaona kwenye paji la lori la ubaridi maneno Thermo King, ujue nyuma yake kuna Mmarekani mweusi anaitwa Frederick McKinley Jones. Alizaliwa Cincinnati mwaka 1893, akawa yatima mapema, shule hakwenda mbali, ufundi alijifunza gereji na kwenye vitabu vyake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akabuni mashine ya ubaridi inayostahimili mitikisiko ya barabara, na yeye na mwenzake Joseph Numero wakaanzisha kampuni iliyokuja kuwa Thermo King. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ikampa nishani ya taifa ya teknolojia. Alikuwa ameshakufa miaka 30 kabla. Kila parachichi linaloondoka Rungwe linamdai shukrani, na shuleni hatukusikia hata jina lake.

Na kabla yake walikuwepo mabaharia. Mwaka 1882 meli ya Dunedin ilibeba nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand hadi London, siku 98 baharini. Walipofika maeneo ya joto, nahodha Whitson aligundua hewa ya baridi haizunguki sawasawa kwenye shehena. Akatambaa mwenyewe ndani ya njia za hewa na msumeno, akakata matundu mapya, akapigwa na baridi hadi akazimia, na mwenzake akamvuta kwa kamba. Nyama ikafika salama, karibu yote. Nahodha wa meli ndiye aliyekwenda kujua joto la mzigo kwa mwili wake mwenyewe. Leo kazi hiyo inafanywa na kidude chenye ukubwa wa kiberiti, bila kuzimia, kwa bei ya kreti moja au mbili za bia.

Kwa hiyo kidude kipo. Kinaingizwa kontenani siku ya kupakia, kwa kawaida kwenye paleti la mwisho karibu na mlango. Cha kawaida unakichomoa mwishoni na kukichomeka kwenye kompyuta kama flashi, kinakutolea mchoro wa joto la safari nzima, saa kwa saa. Cha ghali zaidi kina laini ya simu na kinatuma habari kikiwa njiani. Kontena lenyewe nalo lina kumbukumbu yake: joto la hewa inayotoka kwenye mashine na la hewa inayorudi. Mwaka 2017 Maersk walianza kuwafungulia wateja wao waone habari hizo kwenye mtandao kontena likiwa katikati ya bahari.

Swali langu ni hili: wateja ni nani?

Siyo mkulima. Mkulima wa Rungwe anauza kwa msafirishaji, au kwa chama chake kinachouza kwa msafirishaji. Wengine wanalipwa shambani, pesa mkononi, habari imekwisha, na ninawaelewa sana wanaopenda hivyo. Lakini sehemu kubwa ya biashara ya matunda na Ulaya inakwenda kwa mtindo ambao Mwanjelwa tunaujua vizuri tangu enzi za soko la zamani lililoungua mwaka 2006: mali kauli. Mzigo unakwenda kwanza, bei inakuja baadaye, kutegemea mzigo ulifika ukiwa na hali gani. Na hali hiyo anaisema nani? Aliyeupokea. Anaandika ripoti: asilimia kadhaa laini, asilimia kadhaa zina madoa, bei imeshuka. Ripoti inateremka kwa msafirishaji, inateremka kwa chama, na mwisho wake ni mzee mmoja wa Kiwira kuambiwa "safari hii soko lilikuwa baya".

Nimeongea na wakulima kadhaa wa namna hii nikiwa natafuta habari, na nikawauliza wote swali moja: uliwahi kuonyeshwa mchoro wa joto wa kontena lililobeba matunda yako? Mmoja alicheka. Mwingine aliniuliza mchoro gani. Kijana mmoja aliyesoma, katibu wa kikundi, alisema aliwahi kuuomba akaambiwa "hayo ni mambo ya kampuni na mnunuzi". Mambo ya kampuni na mnunuzi! Matunda ni yake, hasara ni yake, ushahidi ni wa wengine.

Wadau, hii si hadithi mpya. Hii ni lumbesa. Mnaikumbuka lumbesa, lile gunia la viazi linaloshonewa kofia juu mpaka linafanana na mtu aliyebeba mtoto mabegani. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, mnunuzi anataka lililofura, bei ni ya gunia moja. Tumeipigia kelele miaka mingi, magazeti yameandika, wabunge wamesimama, Wakala wa Vipimo wamekamata malori. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alielewa kwamba anayeshika kipimo ndiye anayepanga bei. Bibi yangu hakusoma lakini mizani alikuwa anaisoma, tena alikuwa anaitilia shaka. Sasa kipimo kimehama. Kwenye parachichi la kwenda nje, kilo zinapimwa shambani na haziwi ugomvi mkubwa. Kinachoamua bei ya mwisho ni kama tunda lilikaa kwenye nyuzi 6 au lilipanda hadi 14 pale Chalinze usiku wa Jumanne. Kipimo ni joto. Na mizani ya joto iko mfukoni mwa mtu mmoja.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi wasafirishaji ni wezi. Wapo wanaopata hasara kubwa kuliko mkulima yeyote, maana wao ndio wamelipa meli. Mmoja aliniambia jambo la maana: ukimpa mkulima mchoro asioujua kuusoma, utazua ugomvi bure. Ataona mstari umepanda akadhani matunda yameoza, kumbe ni mlango ulifunguliwa dakika 20 kwa ukaguzi, hewa ilipata joto lakini tunda lenyewe halikubadilika. Ni kweli. Kinasajoto kilicho karibu na mlango hakisemi habari za paleti lililo mbele, karibu na mashine. Pia ni kweli, na nisiposema nitakuwa nadanganya, kwamba kosa mara nyingi linaanza kwetu. Parachichi changa linachumwa kwa sababu mtoto anadaiwa ada. Soko la Ulaya linataka Hass iwe na angalau asilimia 21 ya kitu kikavu ndani yake, na tunda changa hata ulisafirishe kwenye friji ya malaika haliivi, linasinyaa. Kreti zinaachwa juani. Kipande hicho cha kutoka mtini hadi chumba cha ubaridi hakina kinasajoto chochote, na katika biashara nzima ndicho kipande cheusi kuliko vyote.

Lakini angalia hoja hizo zinakokwenda. Kama mkulima hajui kuusoma mchoro, dawa ni kumfundisha, siyo kumficha. Na kama kosa ni la mkulima, basi mchoro ndio unaoweza kumsafisha msafirishaji: nyuzi 6 kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mzee, tatizo lilikuwa shambani kwako, msimu ujao tuchume baada ya wiki tatu. Ushahidi unaofichwa unamfanya hata mkweli aonekane tapeli. Tena kuna kuchelewa kunakotugharimu. Kanuni za Hague za mwaka 1924, ambazo bado zimo ndani ya mikataba mingi ya meli, zinampa mpokeaji siku 3 za kutoa taarifa kwa maandishi kama uharibifu hauonekani kwa nje, na mwaka mmoja wa kwenda mahakamani. Siku 3! Mkulima anapata habari baada ya wiki 6. Kufikia hapo, kama jenereta lilizimwa Mikumi, au kama mtu bandarini alikosea kuandika joto la kuweka (alama moja tu ya kutoa, nyuzi 5 juu ya sifuri zikawa nyuzi 5 chini ya sifuri, na matunda yako yamekuwa mawe), hakuna wa kumdai.

Na msiniambie kwamba watu wa kijijini hawawezi kusoma joto, kwa sababu wanalisoma kila mwezi kliniki. Kile kialama kwenye kichupa cha chanjo, mviringo wenye mraba mweupe katikati, ndicho kinasajoto rahisi kuliko vyote duniani. Mraba unazidi kuwa mweusi kadiri chanjo inavyopata joto na haurudi nyuma. Ukishafanana rangi na mviringo, au ukaupita, kichupa kinatupwa. Kilianza kutumika mwaka 1996 kwenye chanjo ya polio. Hakina betri, hakina laini ya simu, hakihitaji Kiingereza. Nesi wa zahanati anakiangalia kabla ya kumpa mtoto matone, na mama naye anaweza kukiangalia. Ni aibu kidogo, au siyo kidogo, kwamba tulipotaka dawa ya watoto ifike salama tuliweka kipimo ambacho kila mtu aliyekishika kichupa anakiona, na tulipotaka parachichi lifike salama tukaweka kipimo ambacho aliyelilima haruhusiwi kukiona.

Najua mtauliza nataka nini hasa, maana waandishi tunapenda kulalamika halafu tunafunga kompyuta. Nataka kitu kidogo. Mkataba wa chama na msafirishaji useme kwamba kila kontena linaloondoka na matunda ya wanachama litakuwa na vinasajoto viwili, kimoja karibu na mashine na kimoja karibu na mlango, namba zake ziandikwe kwenye hati ya kupakia, na nakala ya rekodi iende kwa katibu wa chama siku ile ile inapokwenda kwa mnunuzi. Barua pepe moja. Joto la nyama ya tunda lipimwe kwa sindano kabla ya mlango kufungwa, mbele ya mtu wa chama, na asaini. Bei ikishushwa kwa sababu ya ubora, ripoti ya ubora na rekodi ya joto ziambatane. Hakuna hapo kinachohitaji sheria mpya bungeni, wala mfadhili. Vyama vya ushirika viliwahi kuajiri watu wa kusimamia mizani, wanaweza kumwajiri kijana mmoja wa kusimamia joto. Vijana wenye diploma wanaokaa Kabwe bila kazi wanatosha.

Halmashauri nazo zina la kufanya. Zinakusanya ushuru wa mazao kwenye kila kilo inayotoka, basi hata kituo cha kukusanyia matunda chenye paa na kivuli kando ya barabara kiwe sehemu ya ushuru huo. Kivuli tu. Hatujafika hata kwenye umeme.

Ile chupa ya rafuni sijui nani ataipigania, labda wanywaji mjipange wenyewe. Mimi ushauri wangu ni mdogo: angalieni kizibo, na mkiweza chukueni ya Dodoma, imetembea kidogo. Lakini kwa wale wenye mjomba Rungwe au shamba Njombe, mikataba ya msimu mara nyingi hufika kijijini ikiwa imeshachapwa, ikisubiri dole gumba tu. Mpigieni simu kabla hajaweka hilo dole. Aulize kinasajoto kitawekwa wapi, namba yake itaandikwa kwenye karatasi gani, na rekodi itatumwa kwa nani siku kontena likifunguliwa. Akijibiwa kwamba hayo ni mambo ya kampuni, aombe jibu hilo liandikwe kwenye mkataba, na jina la aliyelitoa.